Watani wa Kombeo

Kicheko cha Mgonja kilifika mapema mno, na hapo ndipo Haika alipojua kuna jambo.

Miaka minne alikuwa amezoea kusubiri. Ukimtania mtu aliye Mwezini, maneno yako yanachukua zaidi ya sekunde moja kumfikia, na yake yanachukua nyingine kukurudia, kwa hiyo kila utani una pengo la ukimya katikati. Haika alilizoea pengo hilo. Alilitumia kumeza chai, kujikuna, au kutafuta tusi linalofuata. Sasa asubuhi hii, saa nne kasorobo kwa saa za duniani, redio imefunguka baada ya siku nne za kimya, Mgonja kasema, "We Mchaga, hujambo? Hicho kituo bado hujakiuza?" Naye kamjibu, "Nimeshauza, nilikuwa nakungoja wewe Mpare ulete kesi." Kabla hajafunga mdomo, mwenzake anacheka.

Pale pale. Bila pengo.

Haika aliachia kikombe, kikaelea mbele ya uso wake.

"Mgonja," alisema, "uko wapi?"

"Nimo ndani ya barafu yako."

"Nakuuliza uko wapi."

"Na mimi nakujibu. Nimo ndani ya barafu yako, mgongo umeshaganda, na kama hesabu zangu si za Kichaga, baada ya dakika arobaini na tatu nitakuwa napita mlangoni kwako. Pika chochote."

Ngoja nieleze kidogo, maana usipolielewa Kombeo hutaelewa kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyeshusha na kupandisha watu kwa winchi ya mgodi miaka kumi na saba bila kumdondosha hata mmoja, aliachia kikombe chake hewani. Kombeo ni kamba. Wataalamu wana majina yao marefu, lakini ni kamba tu: kilomita mia moja, ncha moja imefungwa kwenye kituo kizito anachokaa Haika peke yake, ncha ya pili ina mtambo wa kudakia unaoitwa kiganja. Kamba yote inazunguka angani, mzunguko mmoja kila dakika saba. Kiganja kikiwa upande wa chini kinakwenda polepole kuliko kituo, kwa hiyo kinaweza kudaka chombo kilichopanda kwa shida kutoka duniani. Dakika tatu na nusu baadaye kiganja kile kile kiko juu, kinakwenda mbio, kinafunguka, na mzigo unaruka kuelekea Mwezini bila kuchoma hata tone la mafuta. Rahisi, ndiyo. Tatizo ni kwamba kila mzigo unaopanda unalishusha Kombeo kidogo. Ndiyo maana Mwezini kuna kombeo la pili, nalo linarusha. Mgonja akiwa zamu anatupa mapipa ya barafu, Haika anayadaka juu na kuyaachia chini, na ile kasi ya barafu inabaki kwenye kamba na kuinyanyua tena. Nipe nikupe. Wawili hao walikuwa wamerushiana mizigo mia moja na kumi na nne, na hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Walichokuwa nacho ni utani. Mgonja ni Mpare wa Same, Haika ni Mchaga wa Mamba, na makabila hayo yametaniana tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana hukasiriki, akikudanganya humshitaki, akikunyang'anya kofia unacheka. Siku ya kwanza Haika alipofungua redio na kusikia lafudhi ile, alisema, "Mungu wangu, wamenipa Mpare," na tangu hapo hawakuwahi kuzungumza lugha nyingine. Miaka minne nzima. Asubuhi matusi, jioni matusi, na katikati kimya cha kutisha ambacho Haika hakumwambia mtu yeyote.

Sasa aliangalia kioo. Mzigo wa mia na kumi na tano: barafu, tani tatu, kutoka Mwezini siku nne zilizopita, unafika saa nne na dakika ishirini na nane. Mawimbi ya redio ya Mgonja yalikuwa yanatoka humo humo ndani ya pipa. Akaliamuru pipa lijisukume kidogo kwa vijiinjini vyake vya kurekebishia njia, ili aone linavyoitika, maana chombo kizito huitika kivivu. Mtambo ukapiga hesabu ukamwandikia: kilo elfu tatu, mia mbili na sitini.

"Ala!" Haika alisema peke yake. "Huyu mtu yumo kweli."

*

"Si nilikwambia?" Mgonja alikuwa anasema, sauti imejaa furaha ya mtu aliyefanikiwa kutoroka bweni. "Mwezi uliopita nilikwambia. Nikasema, Mchaga, siku moja nitajitia kwenye barafu nije nile ndizi zako. Ukasema nije na sufuria yangu."

"Nilijua unatania."

"Nilikuwa natania. Halafu wakaleta orodha ya abiria, jina langu halimo tena. Mara ya tatu hii, Haika. Mama yangu ana miaka themanini na nne. Wakimweka kwenye redio ananiita kwa jina la marehemu baba. Nikasema hapana, bora nifukuzwe kazi nikiwa nimekaa naye jikoni. Wenzangu wawili wakakubali kushika zamu yangu, wakanifungia kwenye tundu la vipimo lililopo ubavuni mwa pipa, na mitungi ya hewa, na biskuti. Hewa ya siku tisa, mimi si mjinga. Ukiniachia chini, chombo cha kukusanya barafu kitanichukua hadi kambini Kiota, na kutoka Kiota kuna usafiri wa kwenda nyumbani kila mwezi. Watanigombeza, basi."

Haika alisikiliza hadi mwisho. Hakuwahi kusikia habari za mama huyo. Miaka minne, na hakujua Mgonja ana mama aliye hai.

"Kwa nini hukupunguza barafu?" aliuliza. "Ungepunguza kilo mia mbili na sitini ukaingia wewe."

"Barafu ni ya watu. Imeandikwa tani tatu, zifike tani tatu. Na kikomo cha kamba yako ni tani nne, nimeshapiga hesabu, nimo ndani ya kikomo na nafasi inabaki. Kwani nini? Mbona huniiti mwizi?"

"Eliamani."

Jina hilo hakuwahi kulitamka. Alilijua kutoka kwenye makaratasi.

"Mbona unaniita hivyo?" Mgonja akauliza.

"Unakumbuka nilikwambia kamba yangu imebaki nyuzi nane?"

"Nakumbuka. Ukasema nikikurushia makande yangu yote tutaanguka wote Upareni. Nilicheka mpaka nikapaliwa."

"Haukuwa utani."

Safari hii pengo lilikuwepo, na halikuletwa na umbali.

*

Ilikuwa hivi. Kamba ya Kombeo imesukwa kwa nyuzi kumi na mbili zilizoachana na kuungana tena kama wavu, ili takataka ya angani ikipita na kukata mmoja, nyingine zibebe. Sheria yake fupi: nyuzi mbili zikikatika, toa taarifa, tatu, simamisha kazi. Miezi miwili nyuma mashine ya ukaguzi, ile inayotambaa kamba nzima kwa siku tatu, ilirudi na picha za nyuzi nne zilizokatwa sehemu moja, kilomita kumi na moja kutoka kituoni. Haika aliziangalia picha hizo mchana kutwa. Kisha akazifuta.

Usimwone mpumbavu. Alijua kamba kuliko watu wengi waliozaliwa. Alikaa akapiga hesabu yake, akaona nyuzi nane zinabeba tani tatu na kidogo juu yake, na mizigo yote ya mwaka ule haikuzidi tani tatu. Akasema zitatosha. Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba Kombeo likisimamishwa, kamba inasukwa upya miezi minane, na mlinzi wake, yaani yeye Haika, anarudishwa nyumbani. Nyumbani gani? Mume alishakufa, mtoto hawakujaliwa, nyumba ya Mamba wanakaa watu wengine, na mtu pekee aliyekuwa anamuuliza kila asubuhi ameamkaje alikuwa Mpare mmoja aliye mbali kuliko mbali. Akishuka, nani atampa mawimbi ya kuongea na Mwezi? Aliogopa ukimya. Ndiyo hivyo tu, hakuna la kuremba.

Baada ya wiki moja uongo ulimshinda, akamwambia Mgonja. Alimwambia kwa njia pekee waliyokuwa nayo, akicheka. Mgonja naye akacheka, na Haika akajisikia mwepesi, akajihesabu kuwa amekiri.

Sasa zilibaki dakika thelathini na moja. Aliutwisha mtambo swali: nyuzi nane, kilo elfu tatu mia mbili na sitini, dakika tatu na nusu za kubeba kutoka juu hadi chini. Jibu lilikuja mara moja. Katika kila mara sita, mara moja kamba inakatika.

Akauliza: ikikatika, inakwenda wapi? Mtambo ukachora mstari. Kilomita themanini na tisa za kamba, zikiburuta pipa, zinashuka kwa kasi na kukata njia ya Kiota, kambi inayozunguka chini ya Kombeo. Kiota kina watu sitini na mmoja.

Haika aliuliza mara mbili zaidi, kwa namba tofauti kidogo, kama mtu anayepanga upya karata alizokwisha kugawiwa. Mstari uliendelea kupita pale pale.

"Unaweza kutoka humo?" alimwuliza Mgonja. "Kuna kitu unaweza kukitupa?"

"Wamenifunga boliti kwa nje. Barafu yenyewe ni jiwe moja. Haika, hapa nilipo siwezi hata kukuna goti." Kisha akauliza, "Ni mbaya kiasi gani?"

"Moja kwa sita."

Alimsikia akipumua kwa nguvu, halafu akimwaga pumzi yote. "Moja kwa sita! Umenitisha bure. Mimi nimekaa miaka sita kwenye chumba cha bati Mwezini, hiyo ni bahati mbaya kuliko yako. Nidake tu."

"Ikikatika inakwenda kuwapiga Kiota."

Haika akabadili mawimbi, akaita duniani.

*

Koku ndiye aliyekuwa zamu huko duniani, kwenye ofisi ambayo kila mtu wa angani anaiita Chini. Msichana wa Bukoba, miaka ishirini na saba, sauti ya mtu aliyeamka vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Koku, ndani ya mzigo unaokuja kuna mtu."

Ilibidi arudie. Kisha zikafuata "Yesu wangu!" na "nani?" na "amepumuaje?", na Haika akayajibu yote moja moja. Alisikia kibodi ikigongwa haraka. Halafu akasikia Koku akicheka kwa kufarijika.

"Jamani Mzee Mgonja! Ataniua siku moja. Mama, usihangaike. Tani tatu na robo, kikomo ni nne. Mdake kama kawaida, mwachie polepole, tutamsomea mashitaka akishaoga. Nakuandikia ruhusa sasa hivi."

Taa ya ruhusa ikawaka kijani juu ya wenzo. Kiganja hakifungi peke yake; mtambo hupima na kulenga, lakini wenzo lazima uvutwe na mlinzi. Haika aliushika. Ulikuwa na joto la mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo shetani alipokaa naye, na alikaa kwa adabu kabisa, bila kelele. Hakuna anayejua, alimwambia. Akinyamaza, ni mara tano kwa sita kwamba leo jioni Mgonja yuko Kiota anakunywa supu, na kesho yeye Haika anatoa taarifa ya nyuzi nne kana kwamba zimekatika usiku. Akisema, Mgonja amekufa. Si labda. Amekufa. Ukweli wake ndio utakaomuua, na uongo ndio utakaomponya, na mara moja tu katika sita ndipo uongo ungeua wengine. Mtu yeyote angevuta. Mama yake mwenyewe angevuta.

Alimpenda. Hebu tuseme lilivyo. Hakuwahi kumwona hata kwenye picha nzuri, hakujua mama yake, hakujua anapenda chai ya namna gani, lakini alimpenda kwa miaka minne na hakuwa na neno la kumwambia isipokuwa "mwizi wewe".

Kwenye redio ya pamoja, ambayo hubaki wazi kwa sauti ya chini, mpishi wa Kiota akaanza tangazo lake la kila siku. Jina lake Sikujua, mtu wa Newala. Haika alikuwa anamsikia kila asubuhi bila kumsikiliza. "Wapendwa abiria na mafundi," Sikujua alisema, "leo mchana ni wali na kisamvu cha karanga. Yule aliyeniibia pilipili jana namjua, na leo atakula bila chumvi. Karibuni wote, ukoko ni wa atakayewahi."

Mtu alicheka nyuma yake. Mwingine akapiga kelele kwamba si yeye aliyeiba. Haika aliwasikiliza watu hao, sauti juu ya sauti, chumba kizima cha watu, na akaona kwamba anachokishika mkononi ni chakula chao cha mchana. Winchi haikumfundisha mambo mengi, lakini ilimfundisha hivi: aliye kwenye kamba huulizwa kabla ya kunyanyuliwa. Hao hawakuulizwa na mtu.

Aliachia wenzo.

"Koku. Futa hiyo ruhusa."

"Kwa nini mama?"

"Kamba ina nyuzi nane. Nne zimekatika, miezi miwili sasa. Nilijua, nikaficha. Nakutumia hesabu uzione mwenyewe."

Koku akazipitia hesabu mstari kwa mstari. Koku aliporudi, ile sauti ya kuamka vizuri ilikuwa imekwisha.

"Ungenyamaza," alisema. "Mama, si ungenyamaza tu. Sasa mimi ndiye ninayetakiwa kusema adakwe au aachwe."

"Najua. Nisamehe mwanangu."

Koku alifanya kila kitu ambacho mtu anaweza kufanya kwa dakika kumi na nne. Aliwaita Kiota: kuwasha injini na kuhama njia kunachukua saa mbili. Vyombo vya kujiokolea vina viti ishirini na vinne. Alitafuta chombo chochote kinachoweza kulifuata pipa likishapita, kwa sababu pipa lisilodakwa linaizunguka dunia mara moja na kutupwa tena mbali kuelekea lilikotoka, safari ya siku tisa kwenda na kurudi. Cha karibu kabisa kilihitaji siku kumi na moja kulifikia. Mgonja alikuwa amebakiwa na hewa ya siku tano. Koku aliuliza mara ya pili, akamwamsha mkubwa wake, mkubwa akamwamsha mkubwa wake.

Kisha akarudi redioni akasema, kwa Kiswahili cha makaratasi ili asilie, "Mlinzi wa Kombeo, unaagizwa kiganja kibaki wazi." Na akalia hata hivyo.

*

Zilibaki dakika tisa.

"Wamesemaje?" Mgonja aliuliza.

Haika akamwambia. Alimwambia yote, pamoja na picha alizozifuta na kwa nini alizifuta, na hakucheka popote.

Ningependa kukuambia kwamba Mgonja alilipokea kiume. Hakulipokea. Alipiga kelele.

"Miezi miwili! Umekaa na hilo jambo miezi miwili na mimi nakurushia mizigo!"

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa kicheko!"

"Na wewe uliniambia kwa kicheko kwamba unakuja! Ungesema una mama, Mgonja! Ungesema tu, nina mama na nataka kurudi nyumbani, ningekwambia kamba ni mbovu, usije!"

"Ningekuambiaje? Lini tumeongea mimi na wewe? Lini?"

Haika akatazama saa. Dakika sita. Pipa lilikuwa limeanza kuonekana kwenye kamera ya kiganja, kidoa cheupe chenye jua upande mmoja.

"Haika," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nidake. Nakuomba. Hakuna wa kukunyang'anya wenzo, wao wako chini, wewe uko hapo. Moja kwa sita si kitu. Watu wanavuka barabara kwa bahati mbaya kuliko hiyo."

"Ingekuwa mimi na wewe tu, ningeshavuta."

"Basi jifanye ni mimi na wewe tu."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu nimejifanya hivyo miaka minne."

Alianza kuomba, si kwa Haika tena, kwa Kipare, haraka haraka, na Haika hakuelewa ila jina la Mungu na neno moja lililokuwa linarudi ambalo alidhani ni mama. Aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia, kwa sababu hakuiamini. Kiganja kilipanda, kilomita mia moja juu yake, kimefunguka vidole vyote vinne. Pipa likaingia katikati ya vidole hivyo taratibu kabisa, kwa kasi ile ile, kama vile vimesimama vikitazamana. Lilikaa hapo sekunde mbili, hata mtoto angelidaka. Kengele ya onyo ililia ikimtaka avute. Halafu kiganja kikaendelea na mzunguko wake, na pipa likaendelea na njia yake.

Hakusikia chochote. Mgonja alikuwa amezima redio.

*

Siku ile Chini walipiga simu mara nyingi. Mlinzi mwingine na mafundi wa kamba watakuja baada ya wiki tatu; Haika atashuka nao na kutakuwa na kikao. Alijibu ndiyo, ndiyo, sawa. Aliomba jambo moja: wamwachie mawimbi ya pipa, asipewe mtu mwingine. Wakubwa walisita. Koku akasema ataisaini yeye.

Mchana ulipita. Alisikia Sikujua akigawa wali, akisema kisamvu kimekwisha, na alishukuru na kuumia kwa wakati mmoja. Mbali na wakuu wa Kiota, hakuna aliyekuwa ameambiwa bado. Alikagua kamba. Alifuta tone la chai ya asubuhi lililokuwa limekauka kwenye kioo. Kila baada ya robo saa aliita, "Mgonja," na kusubiri, na kuita tena. Alijua ana haki ya kutojibiwa. Aliita hata hivyo.

Saa kumi na moja jioni redio ikakoroma.

"Mchaga."

"Niko hapa."

"Nimelala kidogo." Alikohoa. "Nikaota niko Same kwenye mazishi ya babu. Ulishawahi kwenda kwenye mazishi ya Mpare?"

"Nimekwenda."

"Mliwafanyia nini?"

Haika alikumbuka vizuri. Alikuwa msichana. Watani walikuja kutoka upande wa Wachaga, wakaingia msibani kama kwao, wakamwiga marehemu jinsi alivyokuwa anatembea, wakamtangaza kuwa amekufa kwa uchoyo, na shangazi yake mmoja akalala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa waliokuwa wamelia siku tatu wakaanza kucheka na kamasi puani. Ndiyo kazi ya mtani. Asipokuja, watu wanasema marehemu amezikwa kama hana jamaa.

"Tuliwafanyia utani," akasema.

"Basi mimi nitazikwaje? Mama hataelewa. Wenzangu kule juu si watani zangu, watanililia tu kwa heshima. Na sitakuwa na kaburi." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka na ambaye bado ana hasira, lakini hasira imekaa chini. "Sijakusamehe, ujue. Labda kesho. Lakini mtani wangu ni wewe, sina mwingine, na hewa ipo. Fanya kazi yako nikiwa nasikia."

"Mgonja, siwezi."

"Unaweza. Leo asubuhi umeweza kubwa kuliko hilo."

Haika alifunika uso kwa viganja. Alilia kwa sauti, na hakuzima kipaza sauti, na Mgonja akamwacha alie. Kisha akajifuta kwa mkono wa shati, akakaa wima, akavuta kipaza sauti karibu, akaanza kwa sauti ile ya juu ya shangazi zake wakiingia uani kwa watu.

"Hodi wenye msiba! Nimekuja kumwona huyu Mpare. Eti amekufaje? Amekufa kwa kukwepa nauli! Kasafiri kutoka Mwezini hadi duniani kwenye jokofu la watu, na biskuti kala peke yake, hata mfuko hakutupa, kaukunja kautia mfukoni. Mfungueni mfukoni muone. Na mimi nasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe kuku wangu, tena jogoo, tena mwekundu..."

Sauti ilimkatika.

"Endelea," Mgonja alisema.

Haika akaendelea. Msiba ulikuwa wa siku tano, na hapakuwa na mtani mwingine wa kupokezana naye.